Ngozi Imepona, Mtu Bado

Haya, nyinyi mnaovaa glavu za buluu na kukimbizana na shifti, kaeni chini kidogo. Nimestaafu, magoti yamekataa ngazi za stesheni, lakini mdomo ni mzima. Wajukuu zangu hapa Thamesmead wameshachoka kunisikiliza. Nikianza kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza na kurudi kwenye simu zao, kwa hiyo naandika, na nyinyi mtasoma mkipenda. Nataka kuwasimulia kuhusu nyumba ya wazee wa Kiyahudi kaskazini mwa London, ambako nilifanya kazi ya unesi kwa miaka mingi. Humo ndimo nilimofundishwa kuponya ni nini, na aliyenifundisha hakuwahi kushika sindano maishani mwake.

Kwanza mjue nilivyokuwa. Nilitoka Muheza nikiwa msichana mwenye cheti cha unesi na sauti ya kwaya. Jumapili nilisali na wenzangu wa Kenya na Tanzania katika ukumbi wa shule tuliokuwa tunaukodi Walthamstow, na pale, wanangu, hatukuubembeleza ugonjwa. Tuliuamuru. Mtu akilalamika kichwa, tulimzunguka na kupaza sauti mpaka aseme amepona, pengine ili apate nafasi ya kupumua. Nilitoka mle kila wiki nikiwa na moto, na Jumatatu niliupeleka moto huo kazini.

Mtu wa kwanza kuupata alikuwa Mwalimu Leo. Alikuwa mzee mwembamba mwenye nyusi nene, aliyewafundisha watoto wa sinagogi dini yao tangu ujana wake, na goti lake la kulia lilimtesa. Asubuhi moja nilipomaliza kumwogesha, nikatoa mfukoni chupa yangu ya mafuta ya upako. Nikapiga magoti, nikampaka, nikalishika lile goti kwa mikono miwili na kuyaamuru maumivu yatoke, kwa sauti ileile ya Walthamstow. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa ananitazama kwa utulivu kama mtu anayesubiri basi.

"Umemaliza, Sista Neema?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Asante. Sasa nivalishe soksi. Na hayo mafuta ni ya zeituni?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mazuri. Yaliyobaki uyapeleke jikoni. Saladi ya jana ilikuwa kavu."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Lakini yeye hakukasirika hata kidogo. Alinisimulia, nikiwa bado natafuta soksi ya pili, habari ya nyoka wa shaba ambaye Musa alimtundika mtini jangwani ili walioumwa na nyoka wamtazame wapone. Ile habari naijua tangu Sunday school ya Muheza. Nilichokuwa sikijui ni mwisho wake. Nyoka yule alihifadhiwa, miaka ikapita, watu wakaanza kumfukizia ubani, hadi mfalme mmoja akaja akamvunja vipandevipande.

"Kwa nini alimvunja?" nikauliza. "Si alikuwa anaponya?"

"Hakuwahi kuponya mtu. Aliwafanya wanyanyue macho juu, basi. Walipoanza kumwangalia yeye mwenyewe, kazi yake ikawa imekwisha." Kisha akaitazama chupa yangu na kukonyeza jicho. "Mimi sikuambii uivunje. Nimesema jikoni."

Tulizungumza kwa Kiingereza, bila shaka, chake kikiwa na lafudhi ya kwao na changu cha Muheza, ila maneno yake yameshahamia Kiswahili kichwani mwangu na sijui kuyasema kwa njia nyingine.

Jikoni kwenyewe kulikuwa na mtawala wake, naye ni Fatuma. Familia yake ilitoka Unguja baada ya Mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na London ikamkuza, lakini ukimsikia akisema ungedhani ameshuka jana kutoka Vuga, mjini Unguja. Jiko la Kiyahudi lina sheria: nyama na maziwa havikutani. Kuna sufuria za nyama na sufuria za maziwa, vijiko vya huku na vijiko vya kule, hata masinki mawili. Mwanzoni nilidhani ni mapambo. Siku nilipochukua kijiko cha kwanza nilichokiona nikakoroga chai yangu ya maziwa, Fatuma alipiga ukelele ulionitoa chai yote mdomoni.

"We Neema we! Kijiko hicho cha nyama hicho! Unataka kunitia mimi katika balaa? Weka chini! Usikitie sinki, weka chini nkuone!"

"Si nitakiosha tu, shoga?"

"Ati ukioshe! Kwetu we ukila nguruwe kisha ukaniazima sahani yako ukaniambia umeiosha, n'tailia?"

Hapo alinipata. Tangu siku ile tukawa kama pete na kidole. Mwislamu wa Unguja na Mlutheri wa Muheza, tukilinda jiko la Mayahudi, na nawaambia sikuwahi kucheka kazini kama nilivyocheka na mwanamke yule.

Sasa niwape kidogo cha kazi, maana kazi zenu zimebadilika na nyingine zimebadilika vizuri. Sisi tuliinua wazee kwa mgongo, nyinyi mna mashine. Sisi tulipima maji ya kuogea kwa kiwiko, na hili msiliache hata mkipewa kipimajoto cha dhahabu. Mwambie mzee unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Mwanzie uso, kwa maji safi, kwa sababu uso ndio nyumba ya mtu. Na ukienda kumjulia hali, usisimame mlangoni ukiwa umeshika kitasa. Hilo nalo nilifundishwa na Mwalimu Leo. Aliniambia wahenga wao walisema utukufu wa Mungu uko juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa hiyo mgeni asikae juu ya kitanda wala mahali pa kumtazama mgonjwa kwa juu. Akae chini kwa adabu, kama aliyeingia mahali patakatifu. Jaribuni. Ukivuta kigoda ukakaa macho yako yawe sawa na yake, mzee aliyekataa dawa asubuhi nzima ataanza kukuambia jina la mama yake.

Haya, sasa nije kwa Bi Hana.

Bi Hana alikuwa mjane mdogo wa umbo, fundi wa kofia za wanawake enzi zake, na sauti ya meza yetu ya chakula. Kila Ijumaa kabla jua halijazama, mwanamke huwasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato. Katika nyumba ile desturi ilikuwa Bi Hana awashe kwa niaba ya wote. Kulikuwa na Bi Roza, rafiki yake, aliyekaa kiti cha pembeni yake, na wawili hao walibishana kutoka supu hadi matunda. Ukipita karibu ungedhani wanagombana. Ukiwatenganisha, wote wawili walikuja juu wakikuuliza umetumwa na nani.

Mwaka mmoja majira ya baridi, Bi Hana akapata mkanda wa jeshi. Ulimshika upande wa kushoto, kuanzia sikioni, ukashuka shavuni mpaka shingoni. Malengelenge yakiwa bado mabichi ilibidi abaki chumbani kwake, maana angeweza kuwaambukiza wengine tetekuwanga. Nilimtunza mwenyewe. Mkiupata ugonjwa huo kwa wazee wenu, wavalisheni nguo laini zisizobana, tumieni bandeji isiyoshika kidonda, na msimruhusu yeyote apake dawa aliyoambiwa na jirani. Maumivu yake hayana mchezo. Bi Hana alikuwa akiuma kona ya mto bila kutoa sauti.

Malengelenge yakakauka, magamba yakapukutika, daktari akaja akasema hana tena cha kuambukiza mtu. Likabaki kovu la rangi ya waridi. Nilijawa na fahari. Tulipokuwa tukikabidhiana shifti nikatangaza mbele ya wote, "Bi Hana amepona!" Nikamvalisha gauni zuri, tukaelekea chumba cha chakula.

Tulipofika mlangoni akasimama. Kiti chake hakikuwapo. Bi Roza alikuwa ameomba kisogezwe, na pale palipokuwa kiti palikuwa na nafasi tupu ya sakafu. Watu wakainama kwenye sahani zao. Bi Hana alijifunika shavu kwa kitambaa chake cha kichwa, akageuka, nami nikamrudisha chumbani.

Kuanzia hapo alikataa kutoka. Sinia lilikwenda limejaa, likarudi limejaa. Fatuma alikuwa akimwaga supu yake kwenye sinki huku machozi yanamtoka. "Huyu atatufia mule ndani, shoga," alisema. "Kidonda hana, homa hana, na atatufia." Nami nilijua anasema kweli, kwa kuwa nimewaona wazee wakifa hivyo, wakiwa na vipimo safi. Niliogopa sana.

Nikaenda kwa Mwalimu Leo. Nikavuta kigoda, nikamwambia sielewi, nimemponya mtu na mtu anazidi kunyauka.

"Nani kakuambia amepona?"

"Daktari. Na mimi pia, nimeona ngozi yake."

"Basi ngozi imepona," akasema. "Mtu bado."

Akaniuliza kama najua sheria ya zamani ya mtu mwenye ugonjwa wa ngozi. Nikamwambia najua, alitolewa nje ya kambi, akakaa peke yake.

"Hapo wote mnaishia. Endelea. Alipopona ilikuwaje?"

Sikujua. Akanieleza kwamba ugonjwa ukiisha, kuhani ndiye aliyetoka nje ya kambi kumfuata. Kuhani hakuwa na dawa. Hakuponya kitu. Kazi yake ilikuwa kwenda alikotupwa yule mtu, kumtazama kwa macho yake, na kumrudisha hatua kwa hatua, kwa maji, kwa siku za kungoja, kwa sadaka, mpaka akasimama tena mbele za Mungu pamoja na watu wake. Mungu ndiye mponyaji, hilo kwao halina mjadala. Lakini uponyaji wake haukuhesabiwa umekamilika mtu akiwa bado amekaa nje peke yake na ngozi nzuri.

"Soma habari zote za namna hiyo," akasema, "usiangalie ajabu lenyewe. Angalia mwisho. Nani amerudishwa kwa nani? Nabii anamfufua mtoto wa mjane, na jambo la kwanza anashuka naye kumkabidhi kwa mama yake. Yule jemadari wa Shamu alikuja na farasi na magari akitegemea nabii atapunga mkono juu ya kidonda. Nabii hakutoka hata mlangoni! Akamtuma mtu kumwambia aoge mtoni. Yeye alitaka onyesho."

"Kama mimi na chupa yangu," nikasema.

"Wewe umesema. Akaoga, akapona, na mwisho wa habari ni kwamba amemjua Mungu wa Israeli. Muujiza ni ishara, Neema. Ishara inakuonyesha njia. Huwezi kukaa juu ya ishara ukasema umefika."

"Kwa hiyo mimi na bandeji zangu ni kazi bure?"

Hapo akacheka mpaka nyusi zikapanda. "Mfalme mmoja alikuwa anakufa kwa jipu. Akalia, Mungu akasikia sala yake, akaongezewa miaka. Na bado nabii akaagiza wambandike tini zilizopondwa juu ya jipu. Unaona? Hata muujiza ulihitaji plasta."

Fatuma alikuwa ameingia na chai, akasimama kusikiliza. Mwalimu akaendelea kutuambia kuwa kwao anayemtembelea mgonjwa humwondolea sehemu moja ya sitini ya ugonjwa wake.

"Basi tumpelekee watu sitini leo leo," akasema Fatuma, "tumalize kazi!"

"Wahenga wetu nao waliuliza hivyohivyo," akajibu mzee, amefurahi kabisa. "Wakajibiwa kwamba kila mmoja huondoa sehemu ya kile kilichobaki. Na tena si mtu yeyote. Awe wa rika lake."

Tukatazamana, mimi na Fatuma. Rika lake lilikuwa Bi Roza.

Kabla hatujaondoka akatuambia habari ya mwisho, ya Miriamu dada yake Musa. Naye alishikwa na ugonjwa wa ngozi, ndugu yake akamwombea sala fupi, ukikohoa imekupita. Miriamu akafungiwa nje ya kambi siku saba. "Na taifa zima, na mahema yao na mifugo yao, hawakuondoka pale mpaka Miriamu aliporudishwa," akasema. "Ijumaa nirudishieni kile kiti mahali pake. Mengine niachieni."

Ijumaa ikafika. Mnalijua jua la London la Desemba, halina subira, saa tisa na nusu za alasiri tayari linaaga. Kiti kilikuwa mahali pake. Mishumaa imesimama mezani, mkate wa kusokotwa umefunikwa, supu ya kuku inanukia mpaka ukumbini. Wazee wamekaa. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono kuchukua kiberiti, Mwalimu Leo akakifunika kwa kiganja.

"Tunamngoja Hana," akasema.

"Hatakuja," akasema Bi Roza. "Na jua likizama haturuhusiwi kuwasha moto. Jua halitungoji, Leo."

"Basi tutakaa bila mishumaa. Tunamngoja Hana."

Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo katika nyumba ile. Ijumaa bila mishumaa! Mnong'ono ukazunguka meza zote. Mzee akashika fremu yake ya kutembelea, akainuka, akaanza kwenda, na lile goti lake, ukumbi mzima ule mrefu hadi mwisho. Nikamfuata na kiti cha magurudumu. Alikataa hata kukitazama. Dirishani anga lilikuwa linageuka rangi ya chungwa.

Alipobisha, Bi Hana akajibu kwamba hataki mtu.

"Sikuleta kitu," akasema mzee. "Nimekuja kutazama."

Akaingia, akakaa chini kwenye kigoda. Bi Hana alikuwa kitandani, kitambaa kimefunika nusu ya uso.

"Mimi ni wa ukoo wa makuhani, Hana. Babu zangu walitoka nje ya kambi kutazama watu. Sheria ile haifanyi kazi tena siku hizi, lakini macho ninayo. Na kwa goti hili, kutoka mezani mpaka hapa nimevuka jangwa."

Nikasikia pumzi ya kicheko, ndogo. Kisha polepole Bi Hana akakishusha kitambaa. Mwalimu akavaa miwani yake, akamtazama kuanzia sikioni, shavuni, shingoni, bila haraka, jua likiwa linazama nyuma yake. Mimi nilikuwa nikimtazama Bi Hana kwa kazi kila siku, nikitafuta usaha. Sikuwahi kumtazama vile.

"Naona kovu," akasema. "Naona na Hana. Twende."

"Roza ameondoa kiti changu."

"Kimerudi!" ikasema sauti mlangoni. Tukageuka. Bi Roza alikuwa ameshika fremu ya mlango, anahema, amekuja bila fimbo yake. "Kimerudi, unasikia? Niliogopa. Mimi ni mzee, naogopa magonjwa, naogopa na kila kitu. Lakini siwezi kuiwasha mishumaa ile, Hana. Nikikumbuka mwanzo nasahau mwisho. Na watu wote wamekaa wanatazama dirishani. Njoo. Tafadhali, njoo."

Akaingia mpaka ndani, akanyoosha mkono wake, akaligusa shavu lile lenye kovu. Bi Hana akaushika mkono ule akaubana palepale. Nikageuza uso, maana nesi akilia mbele ya wagonjwa huonekana hafai, na mimi nilikuwa nalia.

Tukatoka. Sijaona msafara kama ule. Fremu mbele, wale wawili wameshikana viwiko nyuma, na mimi mwisho na kiti cha magurudumu kisicho na mtu. Nilitaka kuwasukuma, jinsi walivyokuwa wanakwenda polepole! Tulipoingia chumba cha chakula watu wote waliinuka, hata wale ambao kuinuka kwao huhitaji watu wawili. Bi Hana akakiwasha kiberiti, akaiwasha mishumaa, jua likiwa limebaki ukucha. Akauvuta mwanga kwa mikono yake mara tatu, akafunika macho, akasema sala yao bila kuruka neno. Alipoondoa mikono, kitambaa kilikuwa kimeanguka mabegani, naye hakukiinua.

Supu ikaletwa. Akaonja kijiko kimoja, akaonja cha pili. Akakunja uso.

"Nani amepika supu hii?" akauliza, kwa sauti ya kufika mwisho wa chumba. "Chumvi imekimbilia wapi?"

"Chumvi imetosha," akasema Bi Roza. "Ulimi wako ndio ulikuwa likizo."

"Wewe hujui supu, Roza. Hujawahi kujua supu."

Na hapo wakaanza. Nikatupa jicho mlango wa jikoni. Fatuma alikuwa amesimama na upawa mkononi, mtu ambaye katika miaka yote ile hakuna aliyethubutu kuigusa chumvi yake, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye aproni. Nikamwendea nikitaka kumtuliza, nikamwambia asijali, bibi wa watu hakukusudia.

"Mwache aseme, Neema," akaniambia, na uso wote unacheka. "Wallahi, mwache aseme mpaka achoke."